Kumrudisha Fathi kwa Wachimba Mfereji

Nyote mmeniuliza, na kila mmoja nimempa kipande tu. Mmoja kapata habari za meli, mwengine kapata habari za bata, na Zuwena, mke wangu, kapata yote lakini anayasimulia kwa mpangilio wake, na kila akisimulia mimi nazidi kuwa mjinga. Bora niandike mwenyewe, tangu kituo cha basi Ruwi mpaka mwisho. Habari za viza na tiketi nazipita, maana sijaona mtu aliyefurahishwa na habari za mihuri.

Kwa wasiomjua, Fathi ni Mmisri niliyefanya naye kazi miaka ishirini wizarani, Al Khuwair, katika chumba cha ramani. Kazi yetu ilikuwa kuchora barabara kabla hazijawa barabara. Sisi wengine chumbani tulikuwa watu wa asili ya Unguja, na chai ya saa nne ikinywewa kwa Kiswahili, basi Fathi naye akakishika, akakisema kwa kujiamini kulikozidi ujuzi wake. Mwaka wa tisini na saba alistaafu. Akaniambia anarudi kwao kwa njia ya nchi kavu na bahari, na akaniomba nimsindikize. Mimi nilikuwa na likizo ya kulala tu, nikakubali.

RUWI MPAKA DUBAI

Basi lilikuwa liondoke saa kumi na mbili asubuhi. Liliondoka saa mbili na nusu, na sababu ilikuwa Fathi. Mtu aliyekaa ughaibuni miaka ishirini harudi kwao na sanduku moja. Alikuja na mashine ya kufulia, mablanketi manane, feni mbili za kusimama, zulia, na katoni iliyofungwa kamba ambayo hata yeye alishasahau ina nini. Dereva akasema mashine haiingii. Fathi akasema itaingia. Abiria wakashuka wote, kila mmoja akawa fundi wa kupakia, na mwisho mashine ikaingia ubavuni mwa basi, na sanduku langu likapakatwa na mimi mwenyewe mpaka Dubai.

Zuwena alikuja kutuaga. Akanivuta kando akaniambia, "Khalfan, unakwenda kumsindikiza mtu kwa dada'ke. Huendi kusuluhisha. Nnakujua mie, usijitie kati."

"Mie ntakaa kimya tu," nikamwambia.

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini hata herufi moja.

Tulipopita milima nikamuuliza Fathi swali mliloniuliza nyinyi pia: kwa nini hatukupanda ndege, mizigo ikapelekwa na meli?

"Ndege itanifikisha kwa saa chache," akasema. "Saa chache hazinitoshi kujua nitamwambia nini Naima."

Naima ndiye dada yake, na ndiye jamaa pekee aliyebakia naye. Alikuwa hajamuona kwa miaka kumi na minane. Kila Idi ya Ramadhani alimwandikia barua, na hakujibiwa hata moja. Fathi hakuwa na nyumba nyengine ya kurudi, wala hakutaka nyengine. Alikuwa hajui kama atapokelewa, na kwa umri wa miaka sitini jambo hilo lilikuwa likimnyima usingizi. Nilimuonea huruma. Mtu niliyemzoea kwa mizaha ya chai alikuwa amekaa dirishani akikunja na kukunjua leso.

DUBAI MPAKA JEDDAH

Dubai tulibadilisha basi. Hili la pili lilikuwa na safari ya siku mbili jangwani, televisheni iliyoharibika, na mtu mmoja nyuma yetu aliyekoroma kuanzia mjini mpaka mpaka wa Saudia. Mpakani tulikaa saa saba, akakoroma saa saba. Mimi na Fathi tukapata burudani. Kwa kuwa tulikuwa tukisema Kiswahili, tulijiona tuko faraghani. Nikasema mtu huyu akilala kwake mbuzi wa jirani hukata kamba. Fathi akasema bila shaka mkewe alimkimbia, ndiyo maana yuko safarini.

Basi lilipoanza tena kwenda, kichwa kikachomoza baina ya viti vyetu.

"Wazee wangu," kikasema, "kukoroma nakoroma, hilo sikatai. Lakini hilo la mke kunikimbia mmenionea. Mke wangu yuko Kisauni na watoto watatu, na jana nimeongea naye kwa simu."

Nilitamani nishuke jangwani hapo hapo. Fathi alikuwa amegeukia dirisha mabega yakimtikisika kwa kicheko. Yule bwana, Mwinyi jina lake, hakuwa na kinyongo. Alitoa mfuko wa tende na biskuti, akatugawia. Alikuwa dereva wa buldoza, kafili wake, bwana aliyemdhamini, alimhamishia kazi Jeddah, na alikuwa hajapata mtu wa kusema naye Kiswahili tangu aondoke kambini kwao.

"Nyinyi mwafanya kazi gani?" akauliza.

"Tunachora barabara," nikasema.

"Aa, kumbe ni nyinyi," akasema. "Mwachora mstari hapo ofisini kwa AC, mimi nakuta mlima."

Hapo Fathi akaacha kucheka. Akamwambia Mwinyi kwamba kwao watu wote walikuwa wachimbaji, na walichimba Mfereji wa Suez. Nilifanya naye kazi miaka ishirini na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia. Mwinyi akaja kukaa kwenye njia ya kati, akauliza kama anavyouliza mtu wa kazi: udongo wa aina gani, na waliutupa wapi?

"Kwenye mchanga walikuwa watu wa vijiji vya mbali," akasema Fathi. "Waliletwa kwa zamu, kijiji baada ya kijiji, watake wasitake. Wakibeba mchanga kwa vikapu. Maji ya kunywa mwanzo yaliletwa kwa ngamia, na siku ngamia akichelewa watu walikufa. Sisi kwetu si mchanga. Kwetu ni ziwa, maji ya kiunoni, na chini tope tupu. Ukitia jembe, tope linarudi. Basi wakachukuliwa wavuvi wa ziwani, maana hao walikuwa wakijua kazi ya tope. Mtu anainama, anachota kwa mikono miwili, analibana kifuani mpaka maji yatoke. Linabaki bonge. Bonge linapangwa ukingoni, jua linalikausha, juu yake linawekwa jengine. Ndivyo ukingo wa mfereji ulivyopanda upande wetu."

Mwinyi akauliza, "Bila mashine?"

"Mashine zilikuja baadaye."

"Na kifua hakichubuki?"

"Kilichubuka. Babu yake babu yangu alirudi kifua kizima kina makovu. Aliambiwa anakwenda mwezi mmoja, hakuonekana kwa miaka. Siku aliyorudi alikuta ukingo wa bwawa lake la samaki umebomoka, kwa kuwa hapakuwa na mwanamume wa kuutengeneza. Hakuingia ndani. Hakumsalimu mke wala mama. Alishuka bwawani, akabana matope mpaka ukingo ukasimama, ndipo akaingia kwake. Tangu siku hiyo, mwanamume wa nyumba yetu akirudi kutoka mbali hupita nyuma kwanza, anaweka bonge moja ukingoni kwa kifua chake, ndipo anaingia. Asiyeweka ni mgeni."

Halafu akasema lililobaki bila kututazama. Miaka kumi na minane nyuma alirudi likizo ya kwanza, kavaa suti na viatu vya ngozi, na redio mkononi. Aliona haya kuvua suti akaingia topeni mbele ya majirani. Alikuwa mtu wa ofisi sasa, mtu wa kalamu. Akapita mlango wa mbele. Naima akamtazama, akamwambia, "Karibu, umetutia nuru," akamletea kiti cha wageni chenye rangi ya dhahabu.

"Dada yangu alikuwa akinitukana kila siku tangu nilipojua kutembea," akasema Fathi. "Likizo ile nzima hakunitukana hata mara moja. Aliniita Bwana Fathi."

"Sasa utafanyaje?" Mwinyi akauliza.

"Nitafika kimyakimya. Nitapita nyuma, niweke bonge langu, ndipo nibishe hodi. Basi."

Tulipoachana Jeddah, Mwinyi alimshika Fathi mkono kwa muda mrefu. "Nenda ukachimbe, mzee," akamwambia. Mimi akaniambia nikifika Muscat nichore barabara zinazopita kando ya milima.

JEDDAH, UWANJANI NA BAHARINI

Meli ilikuwa iondoke siku tuliyofika. Iliondoka siku mbili baadaye, na sababu hatukuambiwa. Tulikaa katika uwanja wa bandari pamoja na mamia ya Wamisri waliokuwa wakirudi makwao, kila mmoja amekalia mablanketi yake. Walikuwa mafundi wa vigae, wapiga rangi, wamwaga zege. Nilivaa kanzu na kofia yangu ya kushona, kwa hivyo kila nilipopita walisimama kunipisha. Kumbe walidhani mimi ni mwenye meli, au angalau namjua. Mara ya tatu nikaulizwa, kwa heshima kubwa, meli itaondoka saa ngapi. Niliposema sijui, yule bwana akatikisa kichwa kwa huzuni, akaenda kuwaambia wenzake kwamba hata mwenyewe hajui.

Chakula kilikuwa maharage ya ful, mkate na kitunguu kibichi, asubuhi, mchana na jioni. Mzee mmoja fundi wa vigae alinikatia kipande cha jibini lililokaa kwenye mtungi tangu sijui lini. Nililila kwa ajili ya adabu, na adabu hiyo ilinisumbua tumbo mpaka katikati ya bahari. Mzee huyo aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Muscat. Akasema amepajua vizuri, alikaa Ruwi miaka minne, vitanda sita chumba kimoja, akatandika vigae katika wizara tatu pale Al Khuwair. Akazitaja. Moja ilikuwa yetu. Nimekanyaga vigae vya mtu yule miaka yote, na sikuwahi kujiuliza nani aliyepiga magoti akavipanga. Niliona aibu, na nawaambia wazi kwa sababu nyinyi pia mmevikanyaga.

Melini hakuna la kusimulia ila bahari ilikuwa tulivu na Fathi alizidi kuwa kimya. Siku ya pili jioni tukaona meli kubwa kubwa zimetia nanga zikisubiri zamu ya kuingia mferejini. Abiria wote walikwenda upande mmoja kutazama. Fathi alibaki na mashine yake ya kufulia.

SUEZ MPAKA ZIWANI

Sasa nafika kwenye kosa langu, na nitalisema kabla hamjalisikia tena kwa Zuwena.

Asubuhi Fathi alikwenda kutafuta pikapu ya kubeba mizigo. Alichelewa mpaka alasiri. Mimi nilikaa kwenye mkahawa wenye simu, nina daftari la Fathi mfukoni, alilonipa nimshikie, na ndani yake imo nambari ya duka la kijijini kwao. Nikaanza kufikiri, na hapo ndipo mambo yangu huharibika. Nikajiambia: sisi tunakwenda kwa bibi mzee ambaye sijapata kumuona. Mimi mwanamume wa kando. Kwetu hata kwa jirani huendi bila ya kupeleka habari, na ukifika unasimama mbali na mlango ukakohoa. Vipi nitamtokea ghafla mama wa watu, hajapika, hajafagia, hajajitanda vizuri? Itakuwa fedheha yake na yangu.

Nikapiga simu. Mwenye duka alikuwa mtu mkarimu. Nikamwambia amfikishie Bi Naima kwamba nduguye anafika kesho adhuhuri, pamoja na mgeni kutoka Oman. Nilipoweka simu nilijisikia vizuri sana. Habari ya bonge la tope nilikuwa naikumbuka, ila lile neno la Fathi, kimyakimya, lilikuwa limenipita kabisa. Wala sikumwambia nimepiga. Niliona nitamfurahisha.

Kesho yake tukapanda pikapu, tukafuata mfereji kwenda kaskazini. Kwa watu wanaotazama kutoka barabarani, maji hayaonekani. Unaona mchanga, halafu unaona meli inapita juu ya mchanga, ndefu, na ghorofa zake, na nguo za mabaharia zimeanikwa. Fathi alimwambia dereva asimame. Tukashuka.

"Nilikuwa naleta wageni hapa zamani," akasema. "Wote wanatazama meli. Nami nilikuwa natazama meli."

Sasa alikuwa akitazama ukingo. Tulipofika Port Said alinionyesha mahali palipokuwa na sanamu ya yule Mfaransa aliyesimamia kuchimbwa kwa mfereji. Sanamu iliondolewa, msingi wake umebaki mtupu. "Yeye angalau kaachiwa msingi," akasema Fathi, tukaendelea.

KWA NAIMA

Kijiji kiko kando ya ziwa Manzala, nyumba zimepangana, nyuma ya kila nyumba kuna bwawa la samaki. Fathi alimwambia dereva asimamishe mbali, mwisho wa njia. Alishavaa jezi ya zamani na suruali ya kukunja. Alikuwa amejitayarisha.

Lakini watu walishatuona. Walikuwa wamesimama pande mbili za njia, wakubwa kwa wadogo, wamevaa vizuri. Mbele ya mlango vilipangwa viti vya rangi ya dhahabu. Na mlangoni amesimama bibi mwembamba, kavaa nguo nyeusi, ameegemea bakora.

"Karibuni," akasema. "Mmetutia nuru."

Fathi akanigeukia. Nilifahamu pale pale nilichokifanya. Mgeni ndiye anayepiga simu. Mwenye nyumba yake huja tu. Mimi nilimtangulizia Fathi habari, nikamuandalia viti, nikamfungia njia ya nyuma kwa ukuta wa majirani. Mtu mmoja akamshika mkono, mwengine akanishika mimi, tukaingia kwa mlango wa mbele.

Bata aliyepikwa siku ile sitamsahau. Kulikuwa na bata wawili, wali wa maziwa, samaki wa bwawani, na mlenda wao uliotiwa vitunguu saumu. Kila tonge nililoweka mdomoni lilikuwa tamu, lakini sikulifaidi, maana Naima alikuwa amesimama kando akisema, "Bwana Fathi, hujala kitu. Bwana Fathi, chakula chetu si cha hadhi yako." Fathi alijibu kwa adabu. Waliongea kama watu waliokutana katika ofisi ya posta. Ilikuwa hivyo siku mbili nzima. Alipewa chumba cha wageni, taulo jipya, sabuni ambayo haijafunguliwa. Alipotaka kubeba ndoo aliambiwa haiwezekani, atachafuka.

Siku ya pili mchana nikashindwa. Zuwena, nisamehe. Nilimkuta Naima kizingitini mwa jiko anasafisha samaki, nikakaa mbali kidogo nikamwambia kwa Kiarabu changu cha Oman, taratibu, kwamba simu nilipiga mimi. Nduguye hakujua. Alitaka kupita nyuma.

"Najua," akasema, bila ya kuinua macho. "Fathi hajawahi katika maisha yake kumpa mtu habari kwamba anakuja. Nilijua ni wewe tangu mwenye duka aliponiambia."

"Sasa kwa nini, mama?"

Akaweka kisu chini. "Nilipanga viti, kweli. Mtu akinipigia simu nitapanga viti, ndiyo desturi. Lakini sikumfunga kamba. Bwawa lilikuwa pale pale. Angevipita viti vyangu vyote akaenda nyuma, mbele ya watu wote, nani angemzuia? Aliwaona watu, akaona haya. Kama safari ile." Akachukua kisu tena. "Mwambie au usimwambie, ni juu yako. Umeshajitia kati."

Nilimwambia. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda cha wageni. Nikayarudia maneno ya dada yake yote, na lile la kuona haya sikulipunguza. Akajilaza akageukia ukutani. Nilidhani nimeharibu mara ya pili.

Asubuhi, jua limeshatoka, nilisikia watu wanaitana nje. Nikatoka na kikombe cha chai mkononi. Njia ilikuwa imejaa, ni saa ya watu kwenda sokoni, na Fathi alikuwa akipita katikati yao kifua wazi, tumbo mbele, suruali imekunjwa, anaelekea bwawani. Aliwaamkia mmoja mmoja kwa majina. Hakuharakisha. Alichagua saa yenye watu wengi kuliko zote.

Akashuka majini mpaka kiunoni. Akachota tope, akalibana, likamvunjikia lote likarudi majini. Akachota tena. La pili lilimteleza kwenye vidole. La tatu lilifika ukingoni likabomoka. Alikuwa akihema, na kifua cha mtu wa miaka sitini aliyefanya kazi kivulini kilishaanza kuwa chekundu. Wapo waliotazama chini kwa kumhurumia.

Naima akaja na bakora yake. Akasimama ukingoni. Alimtazama akibana la nne, la tano. Mimi nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, na chai ilikuwa ikinimwagikia.

"Unakumbatia nini hapo," akasema, "bibi harusi? Bana."

Fathi akainua kichwa.

"Viwiko ndani. Ndani, hayawani wee. Nani aliyekufundisha kubana na mikono imetawanyika? Baba angekupiga. Shusha kidevu. Bana mpaka maji yakufike tumboni."

Bonge likashika. Akaliweka ukingoni, likakaa. Fathi akalitazama, akamtazama dada yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kulia na kucheka na hajui aanze na lipi.

"Tayari," akasema. "Nimeweka."

"Umeweka nini? Moja?" Naima sasa alikuwa akipiga ardhi kwa bakora. "Moja ni la mtu aliyeondoka mwezi. Wewe umeondoka miaka kumi na minane. Unauona ukingo huu, kutoka hapa mpaka kule kwenye mafunjo? Unadhani nani aliushika? Malaika? Ni mimi, kwa kifua hiki, wanawake wa kijiji wote mashahidi. Na wewe unaniletea barua. 'Mheshimiwa dada.' Nani mheshimiwa? Mke wa waziri ndiye mheshimiwa. Karatasi kumi na nane, hata moja haikuuliza bwawa likoje. Ningejibu nini? Niandike, mheshimiwa, bwawa linavuja?"

Aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Alimtukana kwa suti, kwa redio, kwa kunenepa, kwa kuoa Cairo na kutaliki bila ya kumshauri, na kwa jambo la bata fulani la utotoni ambalo mimi sikulifahamu lakini kijiji chote kilicheka. Na Fathi, topeni, akibana na kupanga, akijibu, "Ndiyo, Naima. Ndiyo. Hapana, hilo la bata si mimi." Nililia, sitaki kuficha. Nilikaa chini kwenye majani na kanzu yangu nyeupe, nikalia kwa furaha, na hakuna aliyeniangalia.

KURUDI

Siku ya pili yake ilikuwa siku yangu ya kuondoka. Fathi alishaniahidi tangu Muscat kwamba atanifikisha mwenyewe mpaka Cairo, tule kwenye mkahawa anaoupenda, anipandishe ndege.

Nilipomaliza kufunga sanduku nikamkuta Naima mlangoni, kajitanda, ana mfuko wa samaki wa kukausha kwa ajili ya Zuwena. Dereva alishakuja. Nikamuuliza Fathi yuko wapi.

"Yuko kazini," akasema.

Nikamwambia nataka kumuaga, dakika moja tu.

"Wewe ni mgeni wetu, utasindikizwa na mimi mpaka barabarani, na umetutia nuru," akasema. "Yeye hajafika hata nusu ya ukingo. Akitoka majini sasa, tope alilolibana litakauka vibaya. Akimaliza nitamwambia umeondoka."

Akanisindikiza kwa bakora yake mpaka barabarani, akanisomea dua ya safari, akasimama mpaka gari likaondoka. Njia inapinda karibu na mabwawa. Nilimuona Fathi kwa mbali, kainama, mgongo umejaa tope, na hakuinua kichwa. Nikamwambia dereva asipige honi.

Kwa hivyo nyinyi mnaoniuliza Fathi alisema nini tulipoagana, baada ya miaka ishirini ya chumba kimoja: hakusema kitu. Hatukuagana. Dada yake hakumpa nafasi.